MKONO HAUJATETEMEKA, UGONJWA UMESHAINGIA



Wengi wetu ugonjwa huu tuliuona kwa mara ya kwanza kwenye televisheni, Julai 1996, pale Muhammad Ali alipojitokeza kuwasha moto wa michezo ya Olimpiki mjini Atlanta, Marekani. Mtu ambaye dunia ilimjua kwa wepesi wa miguu na wa ulimi alisimama kimya, uso umetulia kama sanamu, na mkono wake ukitetemeka bila yeye kuweza kuuzuia. Madaktari walikuwa wamekwisha kumtambua tangu mwaka 1984, akiwa na umri wa miaka 42. Alifariki Juni 2016.

Lakini swali letu leo ni jingine. Ugonjwa ulimwingia lini?

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona State walichukua mahojiano yake ya zamani, wakapima anatamka silabi ngapi kwa sekunde moja. Walikuta kuwa kati ya mwaka 1968 na 1981 kasi ya maneno yake ilipungua kwa asilimia 26. Kwa maneno mengine, alipofika Dar es Salaam Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, ulimi wake ulikuwa tayari katika safari ya kupungua kasi, na ilikuwa bado miaka minne kabla daktari hajautaja ugonjwa kwa jina. Ni kweli kwamba ngumi za kichwani nazo huharibu matamshi, na kwa Ali ni vigumu kutenganisha kipi kilifanya nini. Hata hivyo jambo lenyewe ndilo linalowashughulisha wataalamu leo: ugonjwa huu huacha alama mwilini miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka. Je, alama hizo zinaweza kupimwa?

MZEE ANAYEVUTA TASBIHI ISIYOKUWEPO

Parkinson ni jina la tabibu wa London, James Parkinson, aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1817 kwa kuwatazama watu sita tu, baadhi yao akiwa amewaona wakipita njiani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kufikia mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao.

Ndani kabisa ya ubongo, upande wa chini, kuna sehemu ndogo yenye rangi nyeusi. Seli zake hutengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo huufanya mwili uanze mwendo kwa wepesi: kufunga kifungo cha kanzu, kugeuka kitandani, kuinuka kutoka kwenye sijda. Seli hizo zikifa, mwendo unakuwa mzito. Mkono unatetemeka ukiwa umelala mapajani bila kazi, na kidole gumba kinasugua kidole cha shahada kana kwamba mtu anavuta tasbihi. Mkono mmoja hauyumbi wakati wa kutembea. Hatua zinakuwa fupi, mwandiko unakuwa mdogo, sauti inashuka, uso unapoteza bashasha mpaka watoto wanadhani babu amekasirika.

Angalia hapa, kwani wengi huchanganya. Mtetemeko wa Parkinson mara nyingi huonekana mkono ukiwa umetulia, na hupungua ukishika kitu. Yule ambaye mkono umetulia vizuri, lakini akiinua kikombe cha chai kinamwagika, mara nyingi ana tatizo lingine kabisa, na wapo wanaopewa dawa za Parkinson bila kuwa na Parkinson. Wapo pia wagonjwa wa Parkinson ambao hawatetemeki hata kidogo. Wao hukakamaa tu na kuwa wazito, na hao ndio wanaoambiwa kwa miaka kuwa ni baridi yabisi, au bega, au uzee.

Sasa tatizo kubwa. Ubongo una akiba. Seli zinapoanza kufa, zilizobaki huongeza kazi, na mtu haoni tofauti yoyote. Wataalamu wanakadiria kuwa siku ile mkono unapoanza kutetemeka, karibu nusu ya seli hizo, pengine na zaidi, zimekwisha kwenda. Na daktari, mpaka leo, hutambua ugonjwa huu zaidi kwa macho na mikono yake: humtazama mgonjwa akitembea, humkunja kiwiko, humwambia agonganishe vidole. Maana yake humtambua baada ya nusu ya hasara kupatikana.

SIO KILA MKAKAMAO NI PARKINSON

Kuna magonjwa kadhaa yanayofanana sura na Parkinson. Upo mmoja ambao mgonjwa huanguka kinyumenyume mapema, na macho yake hushindwa kutazama chini, kwa hiyo kushuka ngazi kunakuwa hatari. Upo mwingine ambao shinikizo la damu hushuka mtu akisimama, mpaka anazimia, na mkojo unamsumbua. Magonjwa haya huenda kwa kasi kuliko Parkinson na dawa hazisaidii sana. Miaka ya mwanzo hata daktari bingwa anaweza kukosea, akamwita huyu jina la yule.

Na ipo sababu nyingine ambayo naomba uisome mara mbili, kwa sababu iko ndani ya uwezo wetu. Ni dawa. Baadhi ya dawa huzuia dopamini isifanye kazi, na mtu aliyezitumia hukakamaa na kutetemeka sawasawa na mgonjwa wa Parkinson. Zimo dawa za magonjwa ya akili kama haloperidol na chlorpromazine, dawa ya kuzuia kutapika iitwayo metoclopramide, na dawa za kizunguzungu kama prochlorperazine na cinnarizine. Mama anaandikiwa vidonge vya kichefuchefu vya siku tano. Vinamsaidia. Basi kila mara mtoto anatumwa duka la dawa kununua vingine, mwaka unapita, mama anaanza kuburuta miguu, na hakuna anayekumbuka kidonge.

Hii mara nyingi huondoka dawa ikisimamishwa, ingawa inaweza kuchukua wiki au miezi. Tahadhari: usimwachishe mtu dawa ya akili kwa uamuzi wako. Nenda kwa daktari aliyeiandika, umuulize. Kuna picha maalumu ya ubongo inayotumia dawa ya mionzi, iliyokubaliwa Ulaya mwaka 2000 na Marekani mwaka 2011, ambayo huonyesha kama seli za dopamini zimepungua au ziko salama. Kwa aliyeathiriwa na dawa, kwa kawaida zinaonekana salama. Lakini picha hiyo haiwezi kutenganisha Parkinson na ndugu zake niliowataja, na gharama yake si ya mtu wa kawaida. Kuuliza "mama anakunywa dawa gani?" hakuna gharama.

ALAMA ZA KABLA

Mwaka 2003 mtaalamu wa Ujerumani, Heiko Braak, na wenzake walipendekeza kuwa katika wagonjwa wengi Parkinson haianzii pale penye dopamini. Huanzia sehemu ya ubongo inayohusika na kunusa, na kwenye kituo cha neva inayokwenda tumboni, kisha hupanda taratibu. Si wataalamu wote wanaokubali kuwa safari ni hiyo moja kwa kila mgonjwa. Lakini inaeleza vizuri mambo matatu ambayo familia nyingi hukumbuka baadaye, zikitazama nyuma.

La kwanza ni pua. Mtu ananyimwa harufu kidogo kidogo. Udi unafukizwa naye hajui, karafuu hazimfikii, pilau limeungua jikoni naye amekaa mlangoni. Wengi hata wenyewe hawatambui kuwa wamepoteza kunusa mpaka wapimwe.

La pili ni choo. Huko Honolulu, katika visiwa vya Hawaii, maelfu ya wanaume walifuatiliwa kwa miaka mingi, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2001 yalionyesha kuwa waliokuwa wakipata choo chini ya mara moja kwa siku walipata Parkinson zaidi ya wenzao, miaka baadaye.

La tatu ni usingizi, na hili ndilo lenye uzito kuliko yote. Mwenyezi Mungu ameuumba mwili kwa namna ambayo tukiota ndoto, misuli inafungwa, ili tusitende tunachokiota. Kuna watu ambao kufuli hiyo inafunguka. Anaota anapigana, naye anapiga kweli. Anapiga kelele, anarusha mateke, anaanguka kitandani, mkewe anaamka na jicho limevimba. Akiamshwa husimulia ndoto yake vizuri. Usichanganye na jinamizi, lile la mtu kuamka akili lakini mwili umekabwa hauinuki. Hili ni kinyume chake. Mwaka 2019 watafiti kutoka vituo 24 walikusanya habari za watu 1,280 wenye tatizo hili, waliothibitishwa kwa vipimo vya usingizi. Baada ya miaka 12, walikadiria, zaidi ya asilimia 73 wanakuwa wamepata Parkinson au ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu wa jamii hiyo hiyo.

Tafadhali usikimbie na tarakimu hizi. Mafua, moshi wa sigara, matatizo ya pua, UVIKO na umri wenyewe huondoa uwezo wa kunusa. Kukosa choo mara nyingi ni upungufu wa maji na mboga. Mwenye dalili moja katika hizi mbili, uwezekano mkubwa hatapata Parkinson maishani. Tatizo la ndoto lina uzito wa peke yake, na linastahili daktari hata kama hakuna Parkinson, kwani watu huumizana.

KIJIKO CHA MTINDI

Basi kinachotafutwa ni kitu mwilini kinachoweza kupimwa, kikasema ndiyo au hapana. Wataalamu huviita viashiria vya kibayolojia. Kisukari kina kiashiria chake, ni sukari kwenye damu. UKIMWI unacho, malaria inacho. Parkinson ilikaa karibu miaka 200 bila kitu.

Mlango ulifunguka kwa hatua mbili. Mwaka 1912 Friedrich Lewy wa Ujerumani aliona chini ya darubini vidonge vidogo vya ajabu ndani ya seli za ubongo wa wagonjwa waliofariki. Vilitengenezwa na nini, hakuna aliyejua mpaka mwaka 1997, ilipogunduliwa kuwa vimejaa protini iitwayo alfa-sinukleini. Kila mmoja wetu anayo protini hiyo na haina ubaya. Ubaya huja ikijikunja vibaya. Iliyojikunja vibaya huigusa nzuri, nayo ikajikunja, ikaigusa nyingine.

Kina mama wanaogandisha maziwa watalielewa hili kuliko mimi. Ukitaka mtindi, unachukua kijiko cha mtindi wa jana unatia kwenye maziwa mapya, kesho yote yameganda. Ukitia kijiko cha maziwa matupu, hakitokei kitu. Kipimo kipya kimejengwa juu ya hesabu hiyo hiyo. Daktari huchukua maji kidogo ya uti wa mgongo kwa sindano. Maabara wanayatia kwenye protini nzuri iliyotengenezwa, wanatikisa kwa muda, wameweka na rangi inayowaka protini ikiganda. Kama ndani ya maji yale mlikuwa na chembe chache tu zilizojikunja vibaya, zinagandisha zote, na mashine inaona mwanga. Kama hazimo, kunabaki giza.

Mwaka 2023 jarida la Lancet Neurology lilichapisha matokeo ya kipimo hiki kwa watu 1,123, kutoka katika utafiti mkubwa ulioanza mwaka 2010 kwa ufadhili wa mfuko wa Michael J. Fox, mwigizaji aliyepata Parkinson akiwa na miaka 29 tu. Kati ya wagonjwa, kipimo kiliwaona karibu asilimia 88. Kati ya watu wazima wa afya, kilisema hapana kwa asilimia 96. Waliopoteza kunusa walionekana kwa asilimia 97, na wale ambao pua zao zinafanya kazi kwa asilimia 63 tu. Kwa baadhi ya waliorithi ugonjwa kutoka kwenye familia, theluthi moja hivi kipimo hakikuona kitu, kwa hiyo huenda jina moja linafunika magonjwa zaidi ya moja.

Kilichowashangaza wengi ni kundi dogo la watu ambao bado hawakuwa na Parkinson yoyote ya kuonekana, ila walikuwa wamepoteza kunusa au wana lile tatizo la ndoto. Walikuwa 51. Kati yao 44 walikutwa na chembe.

Sindano ya mgongo haipendwi na mtu. Kwa hiyo wengine wamegeukia ngozi. Mwaka 2024 jarida la JAMA lilitoa utafiti wa watu 428, ambao walinyofolewa vipande vidogo vya ngozi vya milimita 3 sehemu tatu: shingoni, pajani na karibu na kifundo cha mguu. Protini mbaya ilionekana kwa karibu asilimia 93 ya wenye Parkinson na asilimia 98 ya wale wenye ugonjwa wa kushuka kwa shinikizo niliowataja. Kwa watu wa afya ilionekana kwa asilimia 3. Utaona upungufu wake: ngozi inasema protini ipo, lakini peke yake haisemi ni Parkinson au ndugu yake.

Upande wa damu kuna protini inayovuja pale nyaya za neva zinapokatika. Katika Parkinson haipandi sana, katika wale ndugu zake wakali hupanda, kwa hiyo inasaidia kutenganisha. Na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, walionyesha kuwa kimeng'enya kimoja kinachohusika na kutengeneza dopamini huongezeka kwenye maji ya mgongo na hata kwenye damu ya wenye magonjwa haya. Kipimo cha damu ndicho kitakachoifikia hospitali ya wilaya, kama kuna kitakachofika.

MWANAMKE ALIYENUSA

Katika habari zote za utafiti huu hakuna inayonikaa moyoni kama ya muuguzi mmoja wa mji wa Perth, Scotland, Joy Milne. Mumewe alikuwa daktari. Wakiwa bado vijana wa miaka thelathini na kitu, alianza kusikia harufu mpya kwa mumewe, nzito, ya kama miski. Akadhani mume haogi vizuri. Akawa anamhimiza aoge, mume anakasirika, kwani alikuwa akioga. Ikawa ni jambo la kugombana. Baada ya kama miaka 12 mume akatambuliwa kuwa ana Parkinson, akiwa na miaka 45. Na siku mwanamke huyo alipohudhuria mkutano wa wagonjwa wa Parkinson, akaingia chumbani, aliisikia harufu ile ile kwa wote.

Alimweleza mtafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Tilo Kunath, ambaye mwanzoni hakulitilia maanani, baadaye akaamua kumjaribu. Zikachukuliwa fulana 12 zilizovaliwa, sita za wagonjwa na sita za watu wa afya, bila kumwambia ipi ya nani. Alipatia zote za wagonjwa. Kati ya wale wa afya alipatia watano, akakosea mmoja, akashikilia kuwa huyo naye ni mgonjwa. Watafiti wakaandika kosa moja. Baada ya miezi minane mtu yule akarudi kuwaambia kuwa daktari amemkuta na Parkinson.

Harufu ile haikuwa ya kwapa. Ilikuwa kwenye mafuta ya ngozi, juu ya mgongo na kwenye paji la uso, na madaktari walikuwa wanajua siku nyingi kuwa ngozi ya wagonjwa wa Parkinson hutoa mafuta zaidi. Perdita Barran wa Chuo Kikuu cha Manchester na wenzake wakayachambua mafuta hayo kwa mashine, na mwaka 2019 wakatangaza kemikali kadhaa zinazobadilika. Tangu hapo wanatengeneza kipimo cha kupangusa mgongo kwa pamba tu. Bado kiko maabara. Nimeieleza kwa urefu kwa sababu nyingine pia: nyumba ngapi zinagombana leo kwa "uvivu", "uchafu" au "ukali" wa mzee, na kumbe mwili wake ndio unaozungumza?

HAI NA LAGOS

Isidhaniwe kuwa haya ni ya Wazungu. Miaka ya 2005 na 2006 watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo la wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, lenye watu 161,071. Walikuta watu 33 wenye Parkinson. Zaidi ya robo tatu ya hao hakuna daktari aliyewahi kuwaambia wana nini. Walikuwa wameishi na dalili kwa wastani wa miaka mitano, bila jina na bila dawa, katika ugonjwa ambao dawa yake ya kurudisha dopamini, levodopa, imejulikana tangu miaka ya 1960.

Pima mwenyewe. Kule wanatafuta namna ya kuuona ugonjwa miaka 10 kabla ya dalili, na huku kwetu tunauacha miaka mitano baada ya dalili. Mzee anafichwa chumbani, inasemwa amerogwa, au ni jini wa kusomewa. Kisomo ni rehema na hakimzuii mtu kwenda hospitali. Anayekataza hospitali ndiye anayedhulumu.

Lipo pia jambo la damu yetu. Tafiti nyingi za kurithi ugonjwa huu zilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Lagos, chini ya Profesa Njideka Okubadejo, walichunguza karibu wagonjwa 1,500 wenye asili ya Afrika, wakakuta badiliko katika jeni liitwalo GBA1 ambalo kwa watu wa Ulaya karibu halipo. Mwenye nakala moja uwezekano wake wa kuugua huongezeka kwa kama mara moja na nusu, na mwenye mbili kwa mara tatu na nusu hivi. Wengi wanalo na hawataugua. Lakini kama watafiti wasingekuja Nigeria, lisingeonekana, na kipimo kitakachojengwa kwa damu ya wengine huenda kisitufae sisi.

JE, UNATAKA KUJUA?

Mpaka sasa hakuna dawa iliyothibitishwa kusimamisha Parkinson. Zilizopo hupunguza dalili, na kwa miaka mingi hupunguza vizuri. Mwaka 2022 zilitangazwa dawa mbili zilizolenga ile protini mbaya, na zote mbili hazikufaulu katika majaribio. Baadhi ya wataalamu wanaamini dawa za aina hii hushindwa kwa sababu zinatolewa nyumba ikiwa imeshaungua nusu, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kutafuta kipimo cha mapema: ijaribiwe dawa kwa mtu ambaye seli zake bado zipo.

Kwa hiyo leo kipimo hiki ni cha utafiti zaidi kuliko cha nyumbani. Kwa maoni yangu, mtu mwenye afya hana haja ya kukitafuta, na kama mtu atakujia mtaani au kwa simu akikuuzia "kipimo cha Parkinson", mwache aende. Anayeishi na dalili ni jambo jingine. Huyo anastahili kujua, kwa sababu dawa ipo. Mazoezi nayo husaidia, hasa ya kutembea kwa bidii na kunyoosha viungo, na hayo hayangoji kipimo.

Neno kuhusu upupu. Mbegu za mmea huu, tunaoujua kwa kuwasha, zina levodopa halisi, na India zimetumika tangu zamani. Lakini kiasi chake hakilingani mbegu hadi mbegu, na mtu anayekunywa vidonge akaongeza na upupu anaweza kuzidisha. Usijitibu.

Hali kadhalika mwezi wa Ramadhani. Levodopa hunywewa mara kadhaa kwa siku, na kuikatisha ghafla ni hatari. Mgonjwa aonane na daktari wake wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, sio siku ya kwanza ya mfungo.

Ukimpeleka mzee hospitali, omba rufaa kwa daktari wa magonjwa ya ubongo na mishipa ya fahamu kama yupo mkoani kwenu, au kwa daktari wa magonjwa ya ndani. Chukua mfuko na utie ndani yake dawa zote za nyumba anazotumia, pamoja na zile za kununua dukani na za mitishamba. Ulizana na mama, kwani yeye ndiye anayelala naye, tangu lini anarusha mikono usingizini. Kumbukeni ni upande gani ulianza, kulia au kushoto, kwani Parkinson kwa kawaida huanza upande mmoja. Na kwa idhini yake, mpige picha ya video kwa simu siku mbili tatu kabla: akiwa amekaa mikono mapajani, akitembea hatua kumi na kugeuka, akitia udhu, akiinuka kutoka kwenye mswala. Wazee wetu wakifika mbele ya daktari hujikaza, mkono ukatulia, wakasema hawajambo.